Nani Alikuwa Akiwala Viwavi Kabla ya Dawa?

Ingia duka lolote la pembejeo, Karatu au Kiambu, wakati kabichi zinakua, utasikia swali moja likirudiwa tangu asubuhi: dawa gani inaua viwavi? Muuzaji hana haja ya kufikiri, maana rafu nzima nyuma yake imejaa majibu. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Nondo mmoja jike wa kabichi hutaga mayai mia moja na zaidi katika maisha yake mafupi, na kwenye joto yai hilo huwa nondo mpya baada ya wiki tatu hivi, hata chini ya hapo. Kama nusu tu ya mayai hayo ingefanikiwa kufika mwisho, sukuma wiki ingekwisha kutoweka zamani. Haijatoweka, kwa hiyo viwavi walio wengi hufa kila siku bila mtu kushika bomba. Wapo wanaowaua. Mwenye bustani iliyovamiwa anapaswa kujiuliza kwanza hao wauaji wamekwenda wapi, na jibu ambalo ushahidi wa miaka sabini unalielekea ni kwamba mara nyingi wameuawa na dawa ile ile iliyonunuliwa kuwamaliza viwavi.

Shahidi mkuu wa hoja hii ni nondo mgongo almasi, ambaye wataalamu humwita Plutella xylostella, adui wa kabichi, sukuma wiki, figili na jamii yao yote. Geuza jani la sukuma lililoanza kuharibika, utaona vidirisha: nyama ya jani imeliwa kutoka chini na ngozi ya juu imebaki, nyembamba, mwanga ukipenya. Kiwavi ni wa kijani hafifu, amechongoka ncha zote mbili, na akikua kabisa hazidi sana sentimita moja. Mguse kwa kijiti, atajinyonganyonga kwa kasi akirudi kinyumenyume, kisha atajiachia ukingoni mwa jani na kuning'inia kwenye uzi wake mpaka uondoke. Siku zake za kwanza hata humwoni, kwa sababu huzimaliza ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi mbili. Tabia hizi peke yake zinatosha kueleza kwa nini watu wengi hupiga dawa Jumatatu na Ijumaa wakakuta viwavi walewale. Dawa imetua juu, kiwavi yuko chini au ndani. Tena jani la kabichi lina nta, matone yanateleza na kuishia ardhini.

Lakini jambo zito zaidi ni usugu. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka Java, Indonesia, kwamba nondo huyu hafi tena kwa DDT, naye akawa miongoni mwa wadudu wa mwanzo kabisa wa mashambani kujulikana kuishinda dawa hiyo. Tangu hapo ameyashinda makundi mengi ya viuatilifu, moja baada ya jingine, Asia, Amerika na Afrika. Mwaka 1990 watafiti wa Hawaii walitoa taarifa iliyowashangaza wengi: viwavi wa mashamba yaliyonyunyiziwa mara kwa mara bakteria wa Bt, dawa ya kibayolojia iliyodhaniwa haishindiki, walikuwa wameanza kuivumilia nayo. Njia ya usugu haina fumbo. Katika viwavi elfu moja, wachache wamezaliwa na kasoro ndogo ya mwili inayowafanya wasidhurike na sumu fulani. Ukiwaua wengine wote, hao wachache ndio watakaozaa peke yao, na baada ya vizazi kadhaa bustani nzima ni ya watoto wao. Mdudu mwenye vizazi zaidi ya kumi kwa mwaka hahitaji muda mrefu.

Kuna wanaosema lawama si ya dawa bali ya mpigaji: anapima kwa kizibo, anachanganya dawa tatu katika bomba moja, ananunua chupa bandia. Hayo yote yapo, na yanaharakisha mambo. Hata hivyo hayabadilishi kiini chake. Kipimo sahihi nacho huchagua walio sugu na kuwaacha wazae. Tena huwachagua vizuri zaidi pale dawa inapopigwa kila wiki kwa kalenda, kama ilivyo desturi ya wakulima wengi wa mboga, hata wiki ambayo kiwavi haonekani. Mkulima makini anaweza kuuchelewesha usugu kwa kubadilisha aina za dawa, yaani makundi yanayoua kwa njia tofauti, maana majina tofauti kwenye chupa mara nyingi huficha kiambato kimoja. Kuuzuia kabisa hawezi.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu, ule usioandikwa kwenye lebo. Nyigu wadogo, wembamba, ambao wengi huwadhania ni mbu au inzi, hutembea juu ya majani wakitafuta viwavi ili watage ndani yao. Kifunza cha nyigu humla kiwavi kutoka tumboni akiwa bado hai, kisha hutoka na kujifunga kifukofuko chake. Buibui, siafu na ndege huchukua sehemu yao pia. Dawa kali inapopita, nyigu hufa kwa urahisi kuliko kiwavi: ana mwili mdogo, anazunguka jani zima, hana pa kujificha. Na hata asipoguswa na tone, atakosa kiwavi wa kutagia, aondoke au afe. Viwavi waliosalia wakianza kuzaa upya wanazaa katika bustani isiyo na polisi, na nyigu hawezi kuongezeka mpaka kwanza viwavi wawe wengi. Ndiyo sababu mlipuko wa pili mara nyingi huwa mkubwa kuliko wa kwanza, na mwenye bustani, akiuona, hurudi dukani kutafuta kitu chenye nguvu zaidi.

Je, tunajua kweli kwamba nyigu wanaweza kubadilisha hali, au hizi ni ndoto za watafiti? Jaribio zuri limefanyika hapahapa Afrika Mashariki. Nondo mgongo almasi alikuwa Kenya kwa miaka mingi akiwa na maadui wachache wa kienyeji waliokamata sehemu ndogo tu ya viwavi wake. Taasisi ya icipe ya Nairobi ilileta kutoka Taiwan nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, ikamlea na kumchunguza, na mwaka 2002 ikamwachilia Werugha, katika vilima vya Taita, na baadaye Tharuni, upande wa Limuru. Miaka mitatu baada ya hapo, hesabu ya Werugha ilionyesha viwavi wameshuka kutoka watano hivi kwa kila mmea hadi chini ya mmoja, na zaidi ya nusu ya waliobaki walikuwa tayari wana kifunza cha nyigu tumboni. Nyigu hakubaki alipoachiliwa. Alisambaa mwenyewe kwenda mashamba ya jirani, bila gari wala mkopo. Wachumi waliopiga hesabu ya mradi kwa makadirio ya miaka 25 walikuta kila dola moja iliyotumika ingerudisha dola 24 kwa wakulima na walaji. Ni vigumu kupata chupa dukani yenye rekodi ya namna hiyo.

Mpinzani makini atauliza maswali mawili hapa, na yote mawili yana haki. La kwanza: nyigu huyo ni wa nyanda za baridi, je, wa Yatta au Morogoro afanye nini? Ni kweli Diadegma hustawi kwenye baridi ya milimani, na joto humshinda. Kwa sababu hiyo icipe ilitafuta mwingine, Cotesia aliyetoka Afrika Kusini, kwa ajili ya maeneo ya joto ya Kenya na Uganda. Hoja kwamba adui mmoja hafai kila mahali ni sahihi kabisa, lakini inataka maadui wengi zaidi. Haitoi sababu ya kurudi kwenye sumu. La pili ni gumu zaidi: kuleta mdudu mgeni kumla mdudu mwingine si kucheza na moto? Historia ya dunia inayo mifano mibaya, hasa pale walipoletwa wanyama wanaokula kila kitu. Tofauti iko kwenye uchaguzi. Diadegma semiclausum amebobea kwa nondo mgongo almasi, na ndiyo maana alichaguliwa. Mdudu wa kula chochote asingepaswa kupewa kibali hata siku moja, na mtu binafsi asijaribu kabisa kusafirisha wadudu kutoka mkoa hadi mkoa kwa nia njema.

Yanayomhusu mwenye bustani ndogo ni mepesi zaidi, na yanaanza na macho. Kila tundu si kiwavi. Panzi na konokono hutoboa pia, na konokono huacha ute uliokauka unaong'aa asubuhi. Mche uliokatwa shinani usiku ukalala chini ni kazi ya sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo ambaye mchana hujikunja ardhini sentimita chache kutoka kwenye mche aliouangusha. Chimbua kwa kidole utampata, na dawa ya kunyunyiza majani hapo ni pesa ya bure. Kwenye mdimu au mchungwa kuna kiwavi ambaye akiwa mdogo ana rangi nyeusi na bato jeupe, ukimtazama utaapa ni kinyesi cha ndege. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na njano, Papilio demodocus. Kwenye mti mkubwa mwache, atakula majani machache na mti hautajua. Kwenye kitalu cha miche mambo ni mengine, kwa kuwa viwavi wawili watatu wanaweza kuubakiza mche mti mtupu. Hapo mwondoe kwa mkono siku hiyohiyo.

Kipimo hiki, cha kuuliza hasara ni kiasi gani kabla ya kuuliza nani wa kuua, ndicho kinachokosekana zaidi. Mimea mingi huvumilia kupoteza sehemu ya majani yake bila mavuno kupungua, kwa sababu hutoa mengine. Kabichi iliyotobolewa majani ya nje kabla ya kufunga haina tatizo kubwa, mradi moyo wake uko salama. Majani hayo hata sokoni huchunwa na kutupwa. Ikianza kufunga, kiwavi aliyeingia ndani ni hasara ya kweli. Kwa mchicha na sukuma wiki jani ndilo bidhaa, kwa hiyo uvumilivu lazima uwe mdogo. Mtu anayetumia kanuni moja kwa mimea yote atapiga dawa mara nyingi pasipo sababu, na huenda akachelewa pale palipo na sababu.

Kuokota viwavi kwa mkono hudharauliwa, labda kwa kuwa hakuna anayepata faida kwa kukushauri hivyo. Kwa matuta manne au matano nyuma ya nyumba, ni njia isiyo na mshindani: haileti usugu, haiui nyigu, na mboga unaweza kuivuna jioni hiyohiyo. Inafaa zaidi kwa viwavi wanaotokana na mayai yaliyotagwa kwa fungu, kama wa jamii ya viwavijeshi, ambao nondo wao hutaga mayai mengi pamoja na kuyafunika kwa manyoya. Jani moja likichumwa mapema limeondoa viwavi mia. Kwa nondo mgongo almasi, anayetaga yai moja moja au machache, mkono unachoka haraka, na kwenye ekari moja ushauri huo ni dhihaka.

Hapo ndipo dawa zinapoingia kwa haki, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza iwe Bt, yaani Bacillus thuringiensis, bakteria aliyegunduliwa Japani mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa na kupewa jina hilo baadaye nchini Ujerumani. Protini yake huyeyuka kwenye tumbo la kiwavi, ambalo lina hali ya magadi, na kutoboa utumbo. Kiwavi huacha kula baada ya saa chache ingawa hufa baadaye. Nyigu, nyuki na kuku hawadhuriki na aina za Bt zinazolenga viwavi. Lakini lazima iliwe, kwa hiyo ipigwe chini ya majani, viwavi wakiwa wadogo, na jioni, maana jua huiharibu. Anayeipiga saa sita mchana kisha akalalamika kwamba ni maji matupu amejidanganya mwenyewe. Mwarobaini ni wa pili: mbegu zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha hutoa kiini kinachomfanya kiwavi akatae kula na ashindwe kujivua ngozi. Kazi yake ni ya polepole, na hiyo ndiyo sababu watu huiacha kabla haijafanya kazi. Pareto, zao ambalo Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania zimeliuza duniani kwa miongo mingi, huua haraka na huvunjika haraka juani, ila haichagui. Nyigu na nyuki hufa nayo. Na tumbaku iliyolowekwa, inayosifiwa vijijini kwa kuwa ni ya asili, ina nikotini, sumu inayoingia mwilini hata kupitia ngozi. Neno asili halimkingi mtu na sumu.

Pingamizi zito kuliko yote latoka sokoni. Mama anayeuza sukuma wiki haulizi nyigu. Mteja wake anachagua fungu lisilo na tundu, na jani lenye vidirisha hurudi nyumbani likalishe mbuzi. Mkulima anayesubiri pesa hiyo kwa karo hawezi kungoja miaka mitatu maadui waongezeke. Nakubali: kwa shamba la biashara kipindi cha kuhama kutoka dawa kali ni cha hatari, na mtu asisukumwe kukivuka peke yake. Lakini tuweke pia gharama ya upande wa pili. Anayepiga kila wiki na kuvuna sukuma kila wiki hana nafasi ya kutimiza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo jani zuri lisilo na tundu ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kubeba sumu mezani. Neti yenye matundu madogo juu ya tuta, ikifungwa kabla nondo hawajaingia, humpa jani safi bila deni hilo. Na Bt ikitumika mahali pa sumu kali huwaacha nyigu wafanye kazi msimu huohuo, bila kusubiri miaka mitatu.

Kuna wadudu ambao hoja yangu inaonekana kushindwa kwao. Kantangaze wa nyanya aliingia Kenya na Tanzania mnamo 2013 na 2014, na viwavijeshi vamizi walioonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 walifika kwetu mwaka uliofuata. Wote wametoka Amerika. Hakuna dawa iliyowaua maadui wao hapa, kwa kuwa hawakuja nao. Kwa hao, miaka ya kwanza, dawa iliokoa mashamba mengi, na kukataa hilo ni ukaidi. Hata hivyo kantangaze huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki, na tayari alishakuja na usugu kutoka alikopitia. Kwa viwavijeshi vamizi, kufikia mwaka 2018 watafiti wa Ethiopia walikuwa wameripoti nyigu wa kienyeji, Cotesia icipe, ndani ya theluthi moja na zaidi ya viwavi waliokusanya mashambani. Maadui wenyeji walikuwa wamemgundua mgeni kabla ya wengi wetu kumjua kwa jina. Icipe nayo imeleta nyigu wa kantangaze kutoka Peru, kama ilivyoleta kutoka Pakistan, na kumwachilia mwaka 1993, nyigu wa kuwakabili funza wa mabua wa pwani ya Kenya waliotoka Asia. Mdudu mgeni hukosa adui kwa muda. Mpiga dawa wa kila wiki huhakikisha muda huo hauishi.

Inabaki kazi ya baada ya mavuno, ambayo wengi huisahau. Mashina ya kabichi yaliyoachwa shambani huchipua, na nondo huendelea kuzaa humo mpaka zao linalofuata lipandwe. Ndiyo maana maafisa ugani husisitiza yang'olewe na kufukiwa. Ushauri ni mzuri, ila majani hayohayo ndiyo yaliyobeba nyigu wa msimu ujao. Kabla ya kung'oa, geuza majani utazame vifukofuko. Kile cha nondo ni wavu mlegevu, pupa anaonekana ndani. Cha Diadegma kimefumwa kwa kubana, mviringo kama pipa dogo, huoni kilichomo. Cha Cotesia ni cheupe na kidogo zaidi. Vikiwa vingi vya wavu mlegevu, ng'oa leo. Vikiwa vingi vilivyobana, acha mistari miwili mitatu kwa wiki moja hivi, nyigu watoke, ukiacha pia giligilani kadhaa zichanue pembeni wapate nekta, ndipo ung'oe. Jirani akiwa bado anapiga dawa, anza na mistari iliyo mbali na mpaka wake.